Sisimizi wa Ghorofa ya Nne

Saa moja kasorobo asubuhi mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba chao, begi begani, mtoto kamshika mkono, akisikiliza funguo. Msimamizi wa jengo alikuwa na funguo zisizopungua thelathini kiunoni, ndiyo maana wapangaji wakamwita Mzee Funguo, na kila asubuhi saa hiyo aliteremka uani kuburuta mapipa ya taka hadi barabarani. Kazi hiyo ilimchukua dakika nne. Dakika nne zinatosha kushuka ngazi za nyuma kutoka ghorofa ya nne na kutokea uchochoroni bila kuonwa, mradi mtoto ajue kushuka.

Na mtoto alijua. Alikuwa na miaka mitano kasoro miezi miwili, na alishuka ngazi kwa ncha za vidole, kiganja kimoja ukutani, bila kuuliza na bila kuambiwa. Baba yake alimpa jina la Sisimizi, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kishindo cha sisimizi. Mwenyewe alilipenda sana jina hilo, akadhani ni cheo.

Lile jengo lilikuwa la mabachela. Baba Sisimizi alikuwa fundi wa lifti, na kampuni iliyomtoa kwao, mipaka miwili nyuma, ilimwandikia barua nzuri yenye mhuri: nyumba ya familia itatolewa ndani ya siku tisini. Wakauza kitanda, meza na jiko, wakaja wote watatu. Siku tisini zikaisha, zikaja tisini nyingine, na sasa ulikuwa mwaka wa pili na barua ilishaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kupanga nyumba mjini usiseme. Kodi ilipanda mara mbili tangu wafike, na mwenye nyumba wa mwisho waliyemwuliza aliwacheka, ingawa kwa adabu. Basi wakabaki katika chumba cha mtu mmoja, chenye choo kimoja, kitanda kimoja, na kanuni kumi na moja zilizobandikwa nyuma ya mlango. Kanuni ya nne ilisema chumba ni cha mfanyakazi peke yake. Kanuni ya kumi na moja ilisema atakayevunja kanuni yoyote mkataba wake umekwisha, na mkataba ukiisha kibali cha kukaa nchini nacho kinakwenda na maji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa na zaidi ya mwaka, na jembe alipewa mmoja tu. Wawili waliobaki walitakiwa wasiwepo.

Tena Mzee Funguo mwenyewe alilala chumba kilichokuwa chini ya chao hasa. Dari yake ilikuwa sakafu yao.

Ndipo ukaja mchezo. Aliyeubuni ni baba, lakini aliyeufundisha ni mama, na hilo ndilo lililomuuma. Kwao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka tisa. Alikuwa na watoto hamsini na watatu katika chumba kimoja, na aliwaimbisha mpaka mwalimu mkuu akaja dirishani kulalamika. Samaki mkunje angali mbichi, aliwaambia wazazi siku za mikutano, na wazazi wakaitikia kwa vichwa. Basi akamkunja wa kwake. Alitandika mablanketi matatu sakafuni. Akamfundisha kukanyaga kwa vidole, kushusha kikombe mezani kwa mikono miwili, kumimina maji chooni kidogokidogo kwa kopo, maana choo kikivutwa saa tano mchana na mwenye chumba yuko kazini, nani kavuta? Akamfundisha kwamba mlango ukigongwa, kabatini. Na akamfundisha mto.

Ulikuwa mto mdogo wa rangi ya njano. Ukiumia, ukikasirika, ukimkumbuka bibi, unauchukua, unaufunika usoni, unalilia humo. Mwanzoni mama ndiye aliyemkimbilia nao. Baadaye mtoto aliufuata mwenyewe: goti likigonga ukingo wa kitanda, kwanza anatazama mto uko wapi, kisha ndipo sura yake inakunjamana. Siku ya kwanza alipofanya hivyo mama alimpigia makofi. Yalikuwa makofi ya chumba kile, viganja havikugusana.

Siku hii ya leo ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha watoto wa chekechea. Mama aliitaka chekechea kuliko hata nyumba. Muda wa saa sita kila siku mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kupiga kelele. Hakuomba zaidi ya hapo. Shule ya mtaa ilidai vitu vitatu tu, cheti cha kuzaliwa, barua ya kazi ya baba, na fomu ya kliniki ya watoto iliyojazwa na kugongwa mhuri, vyote kabla ya saa tisa alasiri.

Kliniki walikuwa wa kumi na saba kwenye foleni. Karani wa dirishani aliipokea fomu, akaigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta doa, akamrudishia.

"Nakala ya cheti iko wapi?"

"Nimekuja nacho chenyewe, kaka."

"Chenyewe ni chako. Sisi tunataka nakala."

Mwenye mashine ya nakala, ng'ambo ya barabara, alikuwa amepandisha bei tangu Jumatatu. Alisema si yeye, ni karatasi imepanda; na ukiiuliza karatasi itakwambia mafuta yamepanda. Mama alilipa. Aliporudi alikuta amekuwa wa ishirini na sita, na karani hakumkumbuka.

Saa saba na nusu ndipo walipoitwa. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye macho ya kucheka, na aliwakaribisha kama wageni aliokuwa akiwasubiri. Mama angefarijika zaidi kama angekuwa mkali. Mkali unajua jinsi ya kumkwepa.

"Haya, mrembo wangu, unaitwa nani? Sema mpaka yule babu pale nje asikie."

Sisimizi alichezesha midomo.

"Mh! Hata mimi niliye hapa sijasikia."

Akachezesha tena. Nesi aliinama akatega sikio, akaandika.

"Na ng'ombe analiaje?"

Mtoto alimtazama mama kwanza. Kisha akavuta pumzi, akamliza ng'ombe kwa kunong'ona, ng'ombe mwenye adabu zake asiyetaka kuamsha zizi. Nesi alicheka sana. Mama naye akacheka, akachelewa kidogo.

Sakafuni palikuwa na mstari mwekundu. Sisimizi aliambiwa atembee juu yake, akatembea vizuri, bila kuyumba, kwa ncha za vidole mwanzo hadi mwisho.

"Shusha visigino, mama yangu."

Alivishusha. Alisimama hivyo kama aliyekanyaga maji baridi, na hatua ya pili visigino vikapanda tena vyenyewe.

"Sasa ruka kidogo. Mguu mmoja, hop!"

Sisimizi alishika meza ya nesi kwa mikono miwili, akajiinua, akajishusha polepole mpaka vidole vikagusa sakafu. Hapakusikika kitu. Akamtazama mama kuona kama amefanya sawasawa, na nesi, aliyekuwa anacheka, akaacha.

Ilibaki chanjo moja. Sindano ilipoingia begani mtoto alikaza macho. Aligeuka kushoto akatazama kitanda cha wagonjwa, akageuka kulia akatazama kiti, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mwisho akalivuta pindo la gauni la mama, akalijaza mdomoni. Mabega yake yalipanda na kushuka muda mrefu. Sauti haikutoka.

Nesi aliiweka sindano kwenye trei taratibu.

"Mama, huyu hulia hivi siku zote?"

"Ni mtoto mtulivu tu, dada."

Neno hilo lilimrudia mama likamchoma. Kuna mzazi mmoja, kule kwao, aliwahi kumwambia vivyo hivyo, mwalimu, wangu ni mtulivu tu. Na yeye alimjibu mbele ya wazazi wenzake kwamba mtoto wa miaka mitano hawi mtulivu, ama ni mgonjwa ama kuna mtu anamtisha. Yule mama wa watu aliinamisha kichwa. Yeye alirudi ofisini akijiona mwalimu wa kweli.

"Nyumbani mnakaa na nani?" nesi aliuliza, akivuta kiti karibu.

"Na baba yake. Basi."

"Mkali?"

"Nani?"

"Baba mtu."

"Hapana. Hapana kabisa."

"Anampiga? Niambie, mama yangu. Humu tuko wanawake peke yetu, na mimi si wa kutangaza."

"Hajamgusa hata kwa kidole. Naapa."

Nesi alimtazama, akamtazama mtoto aliyekuwa bado na pindo mdomoni. "Basi kuna kitu," akasema kwa upole. "Fanya hivi. Nitawaambia watu wa ustawi wa jamii wapite hapo kwenu, kesho kutwa tu. Si kwa ubaya. Waone anacheza wapi, analala wapi. Anwani si hii iliyo kwenye barua ya kazi?"

Mama aliwaona wakipanda ngazi za mbele na mafaili yao, wakimwuliza Mzee Funguo chumba chenye mtoto ni kipi. Aliona mizigo. Aliona mumewe akirudisha mkanda wa zana kazini, akisaini. Ukweli wote ulikuwa sentensi moja, nayo ilikuwa imeshapanda hadi kooni: mtoto wangu hana kasoro, mimi ndiye niliyemfundisha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha huyu alikuwa ameshakunja mikono ya nguo. Mama alikohoa.

"Amezaliwa hivyo," akasema.

"Hivyo vipi?"

"Hivi hivi alivyo. Kwetu walishampima. Walisema ndivyo alivyoumbwa, hakuna la kufanya."

"Tangu kuzaliwa?"

"Tangu kuzaliwa."

Nesi aliizungusha kalamu vidoleni. Huenda aliamini, huenda alichoka. Nje palikuwa na watu arobaini. "Kama ni tangu kuzaliwa, sina sababu ya kuwatuma," akasema mwishowe. Akaandika mstari mmoja na nusu, akaigeuza fomu. "Weka sahihi hapa, kwamba ndiyo maelezo yako."

Mama aliweka sahihi yake ya ualimu, ile nzuri yenye mkia, aliyowahi kuitia kwenye ripoti za watoto wa watu. Kitu cha kwanza alichokihisi ni nafuu. Na nafuu hiyo ndiyo iliyomwaibisha kuliko uongo wenyewe, kwa sababu alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, mtoto alikuwa amelitoa pindo mdomoni, anamtazama.

Barabarani walitembea mpaka wakapita soko. Sisimizi akamvuta mkono ainame.

"Mama. Umeona? Mto haukuwepo."

"Nimeona."

"Na hawakunisikia."

"Hawakukusikia."

"Kwa hiyo nimeshinda?"

Magari yalipita. Mama alimweka upande wa ndani wa barabara. "Umeshinda," akasema.

Walipokwenda hatua chache zaidi, mtoto akauliza tena kwa mnong'ono ule ule, "Mama, kwani mimi nimezaliwaje?"

"Kama watoto wote."

"Yule mama umemwambia vingine."

"Twende, mwanangu, tutachelewa."

Kelele za shule ziliwafikia kabla hawajaliona lango. Ulikuwa wakati wa mapumziko na watoto mia mbili walikuwa uwanjani, wanapiga mayowe ya bure, yale yasiyo na sababu. Mama alisimama pale langoni akayasikiliza, akayanywa. Miezi mingi hakuwa amesikia kitu kizuri namna ile. Alipotazama chini alimkuta Sisimizi ameziba masikio kwa viganja, macho yamemtoka.

"Mama," alinong'ona, "hawa watafukuzwa."

Mwandikishaji alikuwa mzee mkavu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alikagua cheti, akakagua nakala ya cheti, akazilinganisha kana kwamba moja inaweza kuwa imezaliwa siku nyingine. Barua ya kazi akaipitisha. Kwenye fomu ya kliniki akasimamisha kidole.

"Maendeleo ya ukuaji: yana mashaka. Sauti, mwendo. Chanzo: tangu kuzaliwa, kwa maelezo ya mzazi." Alisoma kwa sauti ya kawaida, na wazazi wawili waliokuwa nyuma kwenye benchi wakanyamaza ili wasikie vizuri. "Mama, hawa hawaandikishwi hapa. Hawa wana foleni yao."

"Foleni gani, mzee?"

"Ya watoto wenye mahitaji. Wanapimwa kwanza na jopo. Mwaka ujao, kama fungu litatoka."

"Lakini huyu hana tatizo. Anajua kusoma silabi. Anajua kuhesabu mpaka mia. Nimemfundisha mwenyewe, mimi ni mwalimu."

"Hesabu, mrembo," mzee akamwambia mtoto, bila ubaya.

Sisimizi alihesabu. Midomo ilikwenda, moja, mbili, tatu, nne, kwa mpangilio mzuri kabisa, na hakuna hata mmoja mle ofisini aliyesikia.

Mzee alingoja mpaka kama kumi na tano, kisha akagonga fomu kwa kidole. "Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi, mama." Alimrudishia karatasi zote, zimepangwa vizuri. "Kama kuna makosa, rudi kliniki, nesi akate mstari, aandike upya, agonge mhuri. Mimi nafunga saa tisa."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Kliniki ilikuwa mwendo wa robo saa. Mtu asije akasema muda haukuwepo; ulikuwepo, na mama alijua kwamba ulikuwepo, na hilo hatajisamehe. Walirudi kwa haraka mpaka ng'ambo ya kliniki, kwenye benchi la kituo cha basi, na pale mama akasimama. Aliliona lango. Alimwona yule nesi mwenyewe akitoka, akimwaga chai iliyopoa bustanini, akirudi ndani. Kilichotakiwa ni kuvuka barabara na kusema sentensi moja. Mama aliketi, mkoba mapajani, akafikiria mkataba wa mumewe, kibali, ile barua ya siku tisini, na kila alipoinuka alijikuta anakaa tena. Mtoto aliketi kando yake, akizungusha mguu hewani bila kuugonga kwenye benchi. Kengele ya shule iliyokuwa mbali ililia saa tisa. Waliisikia wote wawili.

Waliingia nyumbani saa kumi na moja, wakati Mzee Funguo anapokwenda kufunga pampu ya maji. Baba alirudi saa kumi na mbili. Mama alimsikia akisimama nje ya mlango kuvua viatu vya kazi, akaingia navyo mkononi, akavuka chumba kwa ncha za vidole hadi kitandani. Alikuwa mtu wa kilo tisini. Kila jioni alivuka hivyo, na mama hakuwahi kumwona mpaka jioni ile. Nesi angemwandika naye, alifikiri, angetuandika wote.

"Vipi, wamempokea?" baba aliuliza kwa mnong'ono.

Alimpa fomu. Aliisoma chini ya balbu, kidole kikifuata mstari.

"Tangu kuzaliwa. Nani kasema hivi?"

"Mimi."

Akaeleza yote, ng'ombe, mstari mwekundu, sindano, ustawi wa jamii, benchi. Aliongea akitazama ukuta. Alipomaliza baba aliikunja fomu mara mbili, akaitia ndani ya ile barua ya siku tisini.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ungesema ukweli, saa hizi tungekuwa tunafunga mizigo."

"Usinisifu."

"Nasema kweli, Mama Sisimizi. Ulitumia akili."

"Nimekwambia usinisifu! Hata yeye nilimsifu. Nilimsifu mpaka akawa hivi."

"Punguza sauti."

"Mwaka mzima napunguza. Nimebakiwa na ipi?"

"Wiki jana nilimwona meneja. Kasema robo ya mwaka ijayo, bila kukosa."

"Hiyo robo ni ya mwaka gani, baba? Mbona wenzetu mwaka una robo nne, wetu hauishi?"

Baba aliangalia mikono yake, na mama akaona kwamba naye anaona haya, kwamba ameona haya siku nyingi, kila alipopandisha watu ghorofa thelathini kwa lifti huku mkewe na mwanawe wanashuka ngazi za nyuma kama wezi. Akamhurumia. Lakini huruma hiyo haikumzuia kuinama akashika ncha ya blanketi la kwanza na kulikunja. Akakunja la pili. La tatu likatoka na vumbi, na chini yake sakafu ilikuwa mpya, inang'aa, haijakanyagwa.

"Yuko chini," baba alinong'ona. "Mwenzangu, yuko chini, nimemwona anaingia."

"Najua yuko chini."

Chini ya kitanda palikuwa na boksi la viatu vya shule vilivyonunuliwa mwezi uliopita, vyeusi, vyenye soli ngumu na mkanda wa kufunga kwa bizimu ya chuma. Havijawahi kugusa sakafu. Mama alimwekea Sisimizi mbele yake.

"Vaa, mwanangu. Leo tunaruka."

Mtoto hakumtazama yeye. Alimtazama baba, mwenye mchezo. Baba aliutazama mlango, na kanuni zake kumi na moja. Aliitazama miguu ya mtoto, ile midogo, iliyosimama kwa vidole hata pasipokuwa na haja. Kisha akapiga magoti, akamvisha kiatu cha kulia, akamvisha cha kushoto. Mikono iliyozoea nyaya za lifti ilishindwa na bizimu mara mbili.

"Ruka," mama alisema.

Sisimizi alisimama ndani ya viatu vyake, visigino vimeinuka juu ya soli, asijue la kufanya.

"Tazama. Hivi."

Mama akaruka. Chumba kizima kiliitika, kijiko kikalia ndani ya kikombe. Akaruka tena. Mara ya tatu alijikuta analia, tena si kilio cha chumba kile, bali cha kwao, mdomo wazi, cha mtu asiyejali nani anasikia. Sisimizi alishtuka. Alikwenda mbio kwa ncha za vidole mpaka kitandani, akachukua mto wa njano, akarudi nao ameuinua juu kwa mikono miwili, akiutafutia uso wa mama.

"Shika, mama," alinong'ona. "Lilia humu. Upesi."

Mama aliupokea ule mto. Aliushika kidogo, ulikuwa bado na unyevunyevu wa jana, akauweka sakafuni.

Chini funguo zililia. Zikapanda ngazi bila haraka, na mlango ukagongwa mara tatu. Mama alipogeuka, mtoto hakuwepo. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameshaingia kabatini na viatu vyake, akajifungia kutoka ndani, na mlango wa kabati haukutoa hata mlio.

Baba alifungua.

"Kuna nini humu?" Mzee Funguo alisema. "Dari yangu inanimwagia vumbi kwenye chakula."

"Samahani, mzee, ni kiti. Kimeanguka kiti."

"Kiti kilikuwa kinalia?"

Mama alikwenda kabatini akafungua. Mtoto alikuwa amechutama kati ya ovaroli mbili za baba yake, viganja mdomoni. Alimnyooshea mkono.

"Toka, mwanangu. Mchezo umekwisha."

Alitoka. Alivuka sakafu tupu akasimama mbele ya mgeni, na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa, akasalimu.

"Shikamoo."

Alisema kwa sauti ndogo mno, mzee akalazimika kuinama na funguo zake zote.

"Marahaba," akaitikia, kabla hajakumbuka kazi iliyomleta. Kisha akanyooka. Hakuwa mtu mbaya, huenda naye alikuwa na kanuni yake ya kumi na moja mahali fulani. Alitoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Chumba namba arobaini na moja. Mko wangapi?"

Baba alimtazama mama.

"Watatu," mama alisema, kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la mwisho. "Tangu mwaka jana. Na uandike kwamba huyu hakuzaliwa hivi."

Mzee Funguo aliuangalia ukurasa juu mpaka chini.

"Hapa pana nafasi ya idadi tu, mama."

"Basi andika idadi."

Akaandika. Mtoto alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake na viatu vipya miguuni, visigino bado viko hewani.